Mafundo Manne kwenye Leso ya Mwende

Nimesikia mmeandikwa kazi ya kuchimba mashimo ya kupima udongo pale kwenye ghala la zamani la pamba. Nimesikia pia mmepewa gambuti na glavu, na kwamba jana mlishinda mkipigana picha nazo. Vizuri. Gambuti ni kitu kizuri. Mimi nimechimba mashimo ya aina hiyo miaka ishirini na kitu, Kitui na Makueni, mingi ya miaka hiyo nikiwa miguu mitupu. Nilisoma hadi darasa la tatu, kwa hivyo mtanivumilia nikiandika kama ninavyoongea. Mjukuu wangu alitaka kuninyooshea maneno nikamkataza.

Sikuja kuwafurahisha. Kuna mambo mtu anapaswa kuambiwa kabla hajaingia shimoni, na moja kati ya hayo niliwahi kulinyamazia siku niliyopaswa kulisema. Nitalifikia.

Kwanza jueni kazi yenyewe. Watu wanafikiri ni kuchimba. Punda naye angefundishwa kuchimba. Mwenye kutaka kujenga anataka kujua kilicho chini: mwamba uko wapi, maji yako wapi, na kama kuna kitu kibaya kilichomwagwa hapo na watu ambao walishaondoka. Shimo lenyewe halina faida. Faida ni ule udongo unaotoka, kila tabaka na mahali pake. Ukiuchanganya, umefanya kazi ya fuko.

Na ardhi yenye sumu haina pembe, haikufokei. Kule mjini Mwingi tulichimba nyuma ya gereji moja kuukuu iliyokuwa imezika tangi la petroli miaka hiyo ya nyuma. Malori ya Garissa yanapita, mbuzi wa soko wanalia, vumbi tele. Shimo lilikuwa limefika kiunoni nikasikia harufu. Haikuwa kali, ilikuwa kama kitambaa cha fundi baiskeli. Nikamwambia Nzioka aliyekuwa ndani, "Toka."

"Mama, nimebakisha kidogo tu."

"Nzioka, toka!"

Akatoka akinung'unika, akakaa palepale ukingoni, akatoa sigara. Kiberiti kilikuwa tayari mkononi. Sikubishana naye. Nilimmwagia karai zima la udongo kichwani. Watu wa soko walicheka hadi mbuzi wakaanza kutoroka. Nzioka hakuniongelesha siku tatu. Siku ya nne maji kidogo yalikuwa yamejitokeza chini ya shimo. Mpimaji wa udongo tuliyekuwa naye akashusha kitambaa kwa kamba, akakilowesha, akakipeleka mbali kabisa na sisi, akakiwasha. Kiliwaka kama taa ya karabai. Nzioka akakiangalia mpaka kikazima. Kisha akaenda dukani akaniletea soda.

Kwa hivyo harufu ikibadilika, tokeni. Rangi ikibadilika, tokeni. Ukiona kijani pasipo na majani, au weusi unaong'aa, au tope linalotoa povu, toka, simama upande upepo unakotoka, umwite mkubwa wa kazi. Mtu akikuita mwoga, mwambie ashuke yeye.

Aliyenifundisha kuchimba alikuwa mzee Kilonzo, mchimba visima vya mtoni, mfupi, mwenye mikono mirefu kuliko mwili wake. Mume wangu alikuwa amefariki, nilikuwa na watoto watano, na mikono yangu ilikuwa imezoea jembe la mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana, ambacho tulichimba nacho matuta na silanga za kuhifadhi maji. Kilonzo aliniona nikichimba akasema, "Huyu hachimbi kama anayefukuza nyoka. Nipeni huyu."

Siku moja huko Kalamba nilirundika udongo ukingoni kabisa mwa shimo kwa sababu ya uvivu. Jua lilikuwa kali na hatua mbili zilionekana safari. Udongo ukateleza ukamfunika Kilonzo hadi kifuani. Tulimfukua kwa mikono, maana jembe lingemkata. Alipotoka alijipangusa, akahesabu hatua mbili kutoka ukingoni, akachora mstari kwa kisigino.

"Udongo wako unakaa huko," akasema. "Huku ni kwangu."

Tangu siku hiyo sijawahi kuvuka ule mstari, hata pale ambapo hakuna aliyeuchora. Pia hakuniruhusu kushuka shimoni kama hakuna mtu juu. Na kila asubuhi alipiga kuta za shimo kwa mtaimbo akisikiliza kabla ya kuingia. Ukuta mzima unalia kwa sauti nzito, na uliopasuka unalia kama sufuria tupu. Hayo yote yafuateni.

Lakini kuna jambo moja alilonifundisha ambalo msilifuate kabisa. Alinifundisha kuonja.

Nyinyi mnajua maji ya kwetu. Unaweza kuchimba wiki tatu, ukapata maji ambayo hata ng'ombe wa kiangazi anageuza kichwa. Chumvi tupu. Kwa hivyo mchimba kisima wa zamani alikuwa anaonja udongo kila anaposhuka. Anachukua kidogo kwa kidole, anaweka kwenye ulimi, anatema. Chumvi ikizidi anahama mapema, hajapoteza nguvu. Mara ya kwanza nilikataa. Kilonzo akanicheka mbele ya watu: "Ulimi wako ni wa kugombana na majirani tu? Onja!" Nikaonja. Baada ya miaka miwili nilikuwa ninaweza kukwambia udongo huu utatoa maji ya kunywa, ule ni wa kunywesha mifugo, na ule mwingine tuuache. Nilijivuna sana kwa ulimi wangu.

Sasa nije kwenye josho.

Ilikuwa chini kutoka soko la Kabati, miaka ya sabini. Mwethya ulikuwa umebeba mawe ya kujengea zahanati, na kisima pia kilitakiwa. Mahali palipopatikana palikuwa tambarare, karibu na barabara, na hapakuwa na mtu anayelima. Sikilizeni vizuri: ukiona shamba tambarare Ukambani na hakuna anayelilima, uliza kwa nini kabla hujashukuru. Katikati palikuwa na josho la zamani la kuogeshea ng'ombe, lile shimo refu la saruji, limejaa mchanga, paa limeshaibiwa.

Mpimaji tuliyeletewa alikuwa kijana aliyeitwa Musyoka, suruali imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Tulimwona tukasema huyu atazimia kabla ya saa sita. Siku ya kwanza hakuturuhusu kuchimba hata kidogo. Alizunguka vijijini akiuliza wazee, na mimi nikiwa naye, kwa sababu mimi walinijua. Mzee mmoja aliyechunga ng'ombe pale ujana wake alitueleza akiwa anachonga mpini wa jembe.

"Hiyo dawa ya kupe ilikuwa ile ya kwanza," akasema, "kabla hawajabadilisha. Tope likijaa chini ya josho tulikuwa tunalichota na kulimwaga pale nyuma. Mbuzi walipapenda sana pale. Wanalamba kama wamewekewa chumvi. Wakishalamba, jioni wanaharisha, asubuhi unachuna ngozi."

Musyoka aliandika kila neno. Mimi nilisikia kwa masikio yangu mawili. Mbuzi walipapenda. Liwekeni hilo hapo, nitalirudia.

Siku ya pili Musyoka akatusimamisha akatoa sheria. Chakula kinabaki kule kwenye mgunga, mbali, upande upepo unakotoka. Kabla ya kula, mikono, uso na mdomo vioshwe kwa sabuni, na maji ya kuoshea hayarudi kwenye karai. Mahali pakavu panyunyiziwe maji kwanza ili vumbi lisiruke. Nguo za kazi zisiingie nyumbani wanakolala watoto, zifuliwe peke yake. Mashimo yafunikwe kila jioni kwa miiba. Na hakuna kuonja udongo.

Kilonzo akainua mkono. "Na chumvi nitaijuaje?"

"Maabara itaijua, mzee."

"Maabara ina ulimi?"

Watu wakacheka. Musyoka hakucheka. "Mzee wangu, ukionja hapa nitakufukuza. Na nitakufukuza kwa Kikamba, usije ukasema hukusikia." Hapo hata Kilonzo akacheka, akafunga mdomo wake.

Tulichimba mashimo sita. Udongo wa kila shimo ulitiwa kwenye mfuko wake, na Musyoka akaandika namba kwa kalamu. Asubuhi yake umande na jasho vilikuwa vimefuta zote. Alikaa chini akashika kichwa. Nikamwambia, "Wewe andika kwenye kitabu chako. Mifuko niachie." Nikachukua kamba ya katani, ile tunayosokotea vyondo, nikafunga kila mfuko na fundo: shimo la kwanza fundo moja, la pili mafundo mawili, hadi sita. Fundo la katani haliogopi umande. Unaweza kulisoma gizani kwa kidole. Alicheka kidogo, akalijaribu akiwa amefumba macho, akaacha kucheka.

Kazi ya kufunga nilimpa Mwende. Alikuwa mke wa Muli, jirani yangu, msichana wa miaka kama ishirini na miwili, mwepesi wa vidole, mwenye kuimba nyimbo za kanisa akikosea maneno kwa makusudi ili tucheke. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ndiyo maana sikumweka shimoni, nikamweka juu, kwenye mifuko. Nilidhani nimemsaidia. Nilimfundisha kama Kilonzo alivyonifundisha mimi, kwa ukali. "Udongo usio na fundo ni uchafu tu. Hata ukiwa kiganjani mwako, ufunge." Akashika sana.

Sasa lile nililonyamazia. Baada ya kutoa sheria zake, Musyoka alikuwa ameniita pembeni akasema, "Mama Syombua, warudie wanawake yote hayo kwa lugha yenu. Wewe wanakusikia." Nikawakusanya. Nikasema ya chakula, nikasema ya sabuni, nikasema ya vumbi na nguo. Nilipofika kwenye kuonja nikamwangalia Mwende.

Mimi nimebeba mimba tano na nimekula udongo kwenye zote tano. Nilikuwa ninakwangua ukuta wa ghala mvua ikinyesha na harufu ikiniita. Wanawake mnaosoma hapa mnajua ninachosema, na wanaume mnajifanya hamjui. Kwetu jambo hilo halitajwi mbele ya wanaume. Mume mwenyewe akiona ukuta umetobolewa, anaukandika upya na kunyamaza. Na siku ile wanaume walikuwa wamesimama palepale, Kilonzo na Musyoka na wachimbaji watatu, wanangoja tumalize. Nikaona aibu. Nikasema, "Wachimbaji wasionje kama wanavyoonja kwenye visima." Nikaishia hapo. Mwende hakuwa mchimbaji. Nilijua nimemruka, na nikaendelea.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano nilimwona akitafuna. Nikajiambia ni karanga. Alhamisi nikaona vumbi la kijivu pembeni mwa mdomo wake. Nikamsogelea, nikamwuliza polepole, "Mwende, unakula nini?"

"Sili kitu, mwaitu," akasema, maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, akajipangusa na kucheka.

Nikacheka naye. Siku hiyohiyo jioni Musyoka aliinua mfuko wa mafundo manne akasema ni mwepesi kuliko jana. Nikasema labda umekauka. Nilikuwa mtu mzima, kiongozi wa mwethya, naongoza maombi ya akina mama kanisani, na nilisema labda umekauka.

Ijumaa Mwende hakuja. Ilipofika saa tatu, shemeji yake akaja kwa baiskeli akihema. Akasema Mwende alikuwa ametapika tangu jogoo la kwanza, anaharisha maji matupu, miguu inamkaza, na wamempeleka hospitali Kitui kwa pikapu ya mwenye duka. Niliweka jembe chini. Nilimwambia Musyoka naenda kumwona mgonjwa. Hata hapo sikusema lingine. Nilipanda lori la mkaa, nikakaa juu ya magunia, nikawa ninajaribu kuomba na maneno hayaji.

Hospitali nilimkuta Muli kwenye benchi, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Muuguzi akanizuia mlangoni. "Usimkaribie. Tunadhani ni kipindupindu." Akanipa nguo za Mwende zikiwa zimeviringishwa, akaniambia nikazichemshe. Nikazipokea. Leso ilikuwa juu. Kwenye pembe yake, pale tunapofunga vitu vyetu vidogo, nikashika vitu vigumu.

Nikafungua. Vilikuwa vitambaa vitatu, vidogo kama kidole gumba. Kila kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani. Kimoja kina fundo moja, na udongo bado umejaa. Kingine mafundo mawili, kimejaa vilevile. Cha tatu kilikuwa na mafundo manne, na ndani mlikuwa mmebaki unga tu.

Aliweka alama. Alikuwa ameiba udongo wa kula, akauwekea alama kama nilivyomfundisha.

Nilisimama pale na vile vitambaa. Nitawaambia ukweli, kulikuwa na jiko la kuni nyuma ya hospitali na nililiangalia. Ningevitupa humo, nikachemsha nguo, nikaenda nyumbani. Mwende angebaki na heshima yake, na mimi na yangu. Lakini shimo la nne lilikuwa nyuma ya josho. Pale walipomwaga tope. Pale mbuzi walipopapenda.

Daktari alikuwa anapita na karatasi zake. Nikamzuia kwa mkono, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mwanamume nisiyemjua.

"Daktari, huyo msichana hana kipindupindu. Amekula udongo wa josho."

Muli akasimama. "Mwaitu, unasema nini mbele ya watu?"

"Nasema nilichopaswa kusema Jumatatu. Nilimwona akila, Muli. Nilimwona nikanyamaza."

Alirudi akakaa, kofia ikaanguka, hakuiokota.

Daktari akauliza udongo gani. Nikampa kitambaa. "Wa shimo la nne. Mafundo manne haya. Palimwagwa dawa ya kupe ya zamani."

"Dawa gani, mama?"

Hapo nikakwama, kwa sababu jina silijui. Lakini nilimjua aliyeandika maneno ya yule mzee. Dereva wa hospitali alinirudisha Kabati, tukampata Musyoka akiwa anafunika mashimo kwa miiba. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama barabarani, hata lile la mfuko kukauka. Hakunigombeza. Alichukua kitabu chake, akaingia garini na matope yake, na njiani akaandika jina la sumu ile kwenye karatasi, neno moja: aseniki. Ndilo neno la kwanza la maabara nililojifunza kutamka.

Daktari alilisoma akabadilika uso. Mwende alitolewa kwenye chumba cha kipindupindu, na sindano zake zikafika kutoka Nairobi asubuhi yake. Alidungwa siku nyingi. Zilikuwa sindano za kumfanya mtu alie, na alilia, na tulifurahi kumsikia akilia kwa sababu Ijumaa hakuwa na nguvu hata ya hilo.

Mwende aliishi. Mtoto hakuishi. Alitoka wiki ileile, mvulana, hakutoa sauti. Daktari akaanza kuniambia, "Mama, kama angeletwa siku mbili mapema..." Kisha akaniangalia, akaacha. Sikumwomba amalizie. Jumatano hadi Ijumaa ni siku mbili. Hesabu hiyo hata darasa la tatu wanaijua.

Nilipoingia kumwona alikuwa ameegemea mto. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Alisema tu, "La nne lilikuwa tamu, mwaitu. Lina chumvi kidogo."

"Najua," nikasema. "Hata mbuzi walilipenda. Niliambiwa na sikukuambia."

Akageukia ukutani. Nilikaa naye hadi wageni walipofukuzwa.

Matokeo ya maabara yalipokuja, shimo la nne na la tano yalikuwa mabaya. Zahanati ikahamishwa juu mlimani. Akina mama walibeba yale mawe tena, kwa mgongo, na kila aliyepumzika njiani alikuwa na la kusema kuhusu Musyoka na kalamu zake mbili. Mimi nilibeba nikanyamaza. Mashimo yalijazwa kwa udongo wake wenyewe, wa chini ukarudi chini na wa juu ukarudi juu, na tukazungushia miiba.

Musyoka alikuja kwangu kabla ya kazi iliyofuata, akafungua kitabu. "Kuna sheria sikuandika," akasema. "Sikuijua. Niambie vile ungeisema wewe, niandike." Nikamwambia. Akaandika, akanisomea, tukarekebisha neno moja.

Kazi hiyo ilikuwa upande wa Makueni, kwenye shamba moja la kampuni ya katani iliyokuwa imefungwa, na Mwende akaja. Ilikuwa baada ya mavuno. Alikuwa amekonda na kucha zake zilikuwa zimepata mistari myeupe, lakini alikuja na kamba zake za katani begani. Kilonzo alikuwepo, na wachimbaji wanne wapya, na Musyoka. Nikasimama mbele yao wote kama mtu anayesimama kuungama.

Nikasema, "Kabla ya kuingia na kabla ya kwenda nyumbani, kila mtu anakung'uta leso na mifuko. Mwenye mimba hakai karibu na udongo huu, hata ule uliofungwa kupelekwa maabara. Na mwanamke anayetamani kula udongo aje aniambie mimi. Hatachekwa. Mimi mwenyewe nimekula."

Mchimbaji mmoja kijana akaziba mdomo, mabega yanatikisika. Kilonzo akamgeukia. "Unacheka nini? Mama yako alikujenga na ukuta wa ghala." Kisha mzee yule akavua kofia yake akaikung'uta, akageuza mifuko ya suruali nje, ikaning'inia kama masikio ya mbuzi, akasimama hivyo. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Mimi nikafungua leso yangu nikaikung'uta.

Mwende alikuwa wa mwisho. Akafungua pembe ya leso yake mbele yetu. Ndani mlikuwa na kipande cha kamba, kimefungwa mafundo manne, hakina udongo wowote. Akakitazama, akakifunga tena mahali pake.

"Umesahau moja, mwaitu," akasema.

"Lipi?"

"Anayemwona mwenzake akila, aseme."

Nikamwambia hilo ni gumu.

"Sema."

Nikalisema, wanaume wakisikia. Ndipo tukaingia kazini. Nanyi kesho asubuhi, kabla ya hizo glavu, mkubwa wenu akisahau kulisema, mmoja wenu asimame aliseme.